Undeloh na nyika iliyotengenezwa kwa jembe, kondoo na nyuki

Kusini mwa jiji la Hamburg, katika wilaya ya Harburg ya jimbo la Saksonia Chini, iko Gemeinde ya Undeloh, yaani kitengo cha ngazi ya chini kabisa cha serikali za mitaa nchini Ujerumani, chenye wakazi wasiofika 1,000 waliotawanyika katika kijiji chenyewe cha Undeloh na vitongoji kama Wesel, Wehlen na Meningen. Kwa miezi mingi ya mwaka hakuna linalokitofautisha sana na vijiji vingine vya kaskazini mwa nchi hiyo. Mwezi wa Agosti, hata hivyo, maegesho yake hujaa magari na mabasi, kwa sababu hapo ndipo wageni wengi huanzia safari ya kwenda kuona nyika ya Lüneburg, inayoitwa kwa wenyewe Lüneburger Heide, wakati imegeuka zambarau kwa maua. Wenyeji wana kanuni yao ya kukumbuka msimu: maua huanza tarehe 8 mwezi wa 8 na kwisha tarehe 9 mwezi wa 9. Kanuni hiyo haitabiri kwa uhakika, kwani mvua na ukame husogeza tarehe, lakini wenye nyumba za wageni huitaja bila kuchoka.

Mgeni anayesimama pembeni mwa kijiji na kutazama vilima vilivyofunikwa na vichaka vifupi vya zambarau, mitarakwa iliyochongoka hapa na pale, na kundi la kondoo wa kijivu likisogea taratibu, huamini kwamba anatazama asili isiyoguswa na mtu. Sehemu kubwa ya ardhi ya Undeloh imo ndani ya hifadhi ya mazingira yenye kilomita za mraba zipatazo 234, na neno hifadhi humfanya mtu afikirie pori lililoachwa lijiendee. Ukweli ni kinyume chake. Nyika hii ni mabaki ya aina moja ya kilimo kilichokwisha kufa, na iwapo itaachwa ijiendee bila mkono wa mtu, katika miongo michache itakuwa msitu. Ndiyo maana kuilinda ni jambo gumu zaidi kuliko kulinda msitu au mlima wenye theluji: anayeilinda hana budi kushindana na asili kila mwaka.

Tuanze na udongo, maana bila huo hakuna lingine linaloeleweka. Katika kipindi cha barafu kinachoitwa Saale, ngao za barafu kutoka Skandinavia zilifika hapa na kuacha mchanga, changarawe na majabali yaliyosukumwa kutoka Sweden na kwingineko. Barafu ya kipindi kilichofuata, cha mwisho, haikufika Undeloh. Ilisimama upande wa mashariki na kaskazini, na kwa maelfu ya miaka eneo hili lilikuwa jangwa la baridi ambalo udongo wake uliganda, ukayeyuka juu wakati wa kiangazi, na kukatwa na maji yaliyoporomoka juu ya tabaka lililoganda. Mabonde makavu yasiyo na mto wowote leo, likiwemo bonde mashuhuri la Totengrund karibu na kijiji jirani cha Wilsede, ni kazi ya enzi hiyo. Kilima cha Wilseder Berg, chenye mita 169 tu, ndicho sehemu ya juu kabisa ya nyika yote. Mita hizo zinaweza kumchekesha mtu aliyekulia Moshi au Nyeri, lakini katika nchi tambarare zinatosha kumwonyesha mtu minara ya Hamburg siku ya anga safi. Katika miaka ya 1820 mwanahisabati Carl Friedrich Gauss alikitumia kilima hicho kuwa mojawapo ya vituo vyake alipokuwa akipima ardhi ya Ufalme wa Hannover.

Mchanga wa aina hiyo haushiki maji wala rutuba. Hata hivyo, baada ya barafu kuondoka, misitu ya betula na misonobari, na baadaye ya mialoni na aina nyingine za miti mipana, iliufunika. Wakulima wa Enzi ya Mawe Mpya walianza kuikata na kuichoma, na katika mchanga uliobaki wazi mmea mmoja ulipata nafasi: kaluna, kichaka cha miti migumu kisichozidi sana goti la mtu, kinachoridhika na udongo mchachu ambao mimea mingine huukimbia. Mara nyingi husimuliwa kwamba misitu yote ilimalizwa na viwanda vya chumvi vya mji wa Lüneburg, ambavyo vimetajwa katika hati tangu mwaka 956 na havikufungwa hadi 1980, kwa kuwa kuchemsha maji ya chumvi kulihitaji kuni nyingi mno. Ni simulizi nzuri kwa waongoza watalii, lakini haisimami yenyewe. Nyika zilikuwepo kabla ya chumvi kuanza kuchemshwa, zilikuwepo pia mahali pasipohusiana na Lüneburg, kuanzia Uholanzi hadi Denmark, na kuni nyingi za viwanda hivyo zilisafirishwa kwa njia ya maji kutoka upande wa Mecklenburg. Chumvi iliongeza shinikizo. Kilichoitengeneza nyika na kuidumisha ni jembe la mkulima.

Jembe hilo linastahili kutazamwa kwa karibu. Lilikuwa na bapa pana na zito, na mkulima alilitumia kulikwangua tabaka la juu la nyika: kaluna yenyewe, mizizi yake, na ule udongo mweusi mwembamba uliojengwa na majani yaliyooza. Vipande hivyo, vinavyoitwa Plaggen, vilipakiwa kwenye mkokoteni na kupelekwa zizini, vikatandazwa chini ya ng'ombe na kondoo, vikalowa mkojo na samadi kwa miezi kadhaa, kisha vikatolewa na kusambazwa kwenye mashamba madogo yaliyokuwa karibu na nyumba. Hapo ndipo nafaka ya rai ilipoweza kulimwa mwaka baada ya mwaka katika shamba lile lile bila kulipumzisha, pamoja na bakwiti, nafaka ya punje zenye pembe tatu ambayo hadi leo huokwa keki katika migahawa ya eneo hilo. Ni sawa na kuchota unga katika debe moja kujazia jingine: shamba moja dogo la rai lilikula rutuba ya nyika kubwa kuliko lenyewe mara nyingi, kwa sababu mahali palipokwanguliwa palihitaji miaka kumi au zaidi kabla ya kukwanguliwa tena.

Matokeo yake yaliingia hadi chini ya ardhi. Maji ya mvua, yakipita katika mabaki machachu ya kaluna, yaliyeyusha chuma na mboji na kuviteremsha, yakaacha juu mchanga mweupe wenye rangi ya majivu na kujenga chini yake tabaka la kahawia lililogandamana, ambalo mizizi ya miti haikuweza kulipenya. Palipokwanguliwa kupita kiasi, au palipopita makundi ya mifugo kila siku, mchanga ulipeperuka na kuwa vilima vinavyohama, na zipo nyakati vijiji vilipolazimika kutungiana sheria za kuzuia ukwanguaji. Hivyo mtu asiwafikirie wakulima wale kuwa wahifadhi. Walikuwa wanatafuta mlo katika nchi ngumu, na mandhari iliyowastaajabisha watu wa mjini baadaye ilikuwa dalili ya ardhi iliyochoka.

Mshirika wa jembe alikuwa kondoo. Heidschnucke, aina ya kondoo wa kijivu mwenye kichwa na miguu myeusi, ambaye dume na jike wote wana pembe na wanakondoo wake huzaliwa weusi, anaweza kuishi kwa kula kaluna hata wakati wa baridi, jambo lisilowezekana kwa kondoo wengi. Anapokula huikata kaluna na kuifanya ichipue upya, na hula pia miche ya betula na misonobari inayojaribu kuota. Wachunga kondoo walikuwa na zizi la nje huko nyikani, lenye paa la nyasi lililoteremka karibu kugusa ardhi, ili wasilazimike kurudi kijijini kila jioni. Kondoo huyo alitoa sufu ya kukwaruza, nyama kidogo, na samadi, ambayo kwa mkulima ilikuwa na thamani kuliko vyote viwili.

Wa tatu walikuwa nyuki. Mfuga nyuki wa nyika alitumia mizinga iliyosukwa kwa mabua na kukandikwa kwa samadi ya ng'ombe, yenye umbo la kengele, akaipanga katika safu chini ya kibanda kirefu kilichofungwa nyuma na pembeni ili kuizuia isipigwe na upepo. Majira ya kuchipua aliihamisha mizinga kwenda mahali penye maua ya mapema, na ilipokaribia Agosti akairudisha kwenye kaluna. Asali yake si ya kawaida: ni nzito kama gundi, haichuruziki yenyewe kutoka kwenye sega, na ilibidi ikamuliwe kwa nguvu. Nta iliuzwa makanisani kwa ajili ya mishumaa. Watu wa huko husema pia kwamba kondoo wakipita asubuhi huvunja utando wa buibui uliotanda juu ya kaluna na hivyo kuwaokoa nyuki, na mchunga kondoo na mfuga nyuki huwa wanakubaliana juu ya nani apite wapi na lini.

Urithi wa majengo katika Undeloh na majirani zake hauwezi kutenganishwa na uchumi huo. Nyumba ya kale ya wakulima wa kaskazini mwa Ujerumani ilikuwa ukumbi mmoja mrefu wa nguzo za mwaloni chini ya paa moja kubwa la nyasi: ng'ombe na farasi pande mbili, mavuno juu darini, na watu mwishoni, kuzunguka moto ulioachwa wazi bila bomba la moshi. Moshi ulipanda hadi darini, ukakausha nafaka, ukahifadhi nyama iliyotundikwa na kuua wadudu katika nyasi za paa. Macho ya wakazi ndiyo yaliyolipa gharama. Nyumba moja ya namna hiyo, iliyojengwa mwaka 1742 katika kijiji cha Hanstedt, ilibomolewa kwa uangalifu na kusimamishwa upya Wilsede mwaka 1907 ili iwe makumbusho, nayo ingali wazi kwa wageni kwa jina la Dat ole Huus. Kuzunguka nyumba palipandwa mialoni, kwa ajili ya mbao za kujengea na punje za kulishia nguruwe, na majabali yaliyoletwa na barafu yakapangwa kuwa kuta fupi za mipaka. Majabali hayo hayo yamo katika kanisa dogo la Undeloh la Mtakatifu Magdalena, lililoanzishwa katika Enzi za Kati, ambalo mnara wa kengele yake ni wa mbao na umesimama peke yake kando ya jengo.

Mfumo huu wote uliporomoka katika karne ya 19, na kuporomoka kwake hakukusababishwa na jambo moja. Ardhi ya pamoja ya vijiji iligawanywa kwa familia binafsi. Sufu ya bei nafuu ilianza kuletwa kwa meli kutoka ng'ambo, hasa Australia, na pamba ikachukua sehemu iliyobaki ya soko. Sukari ilishindana na asali. Kisha mbolea ya madini ikamwondolea mkulima haja ya kukwangua nyika, na mkulima yeyote mwenye akili timamu aliliweka jembe lile chini kwa furaha. Serikali ya Prusia, iliyolitwaa eneo hilo mwaka 1866, ilihimiza kupanda misonobari. Majembe ya mvuke yalivunja lile tabaka gumu la chini, na safu kwa safu nyika ikageuzwa kuwa mashamba ya miti. Kilichokuwa kimefunika sehemu kubwa ya kaskazini-magharibi mwa Ujerumani kikabaki vipande.

Wakati huohuo, watu wa mijini, waliokuwa wameiogopa nyika kama jangwa, walianza kuipenda. Aliyeunganisha mapenzi hayo na hatua halisi alikuwa Mchungaji Wilhelm Bode, wa kanisa la Kilutheri la Egestorf, Gemeinde inayopakana na Undeloh. Mwaka 1906 bonde la Totengrund lilikuwa karibu kuuzwa kwa ajili ya kujengwa nyumba za mapumziko. Bode alimshawishi Profesa Andreas Thomsen wa Münster atoe mark 6,000, na bonde likanunuliwa. Mwaka 1909 kilianzishwa mjini München chama cha Verein Naturschutzpark, kwa kifupi VNP, chenye lengo la kuanzisha Ujerumani mbuga kubwa kwa kufuata mfano wa zile za Marekani, na mwaka uliofuata Wilseder Berg kikanunuliwa pia. Mwishoni mwa 1921 eneo lilitangazwa rasmi kuwa hifadhi, moja ya zile za mwanzo kabisa nchini humo. Kuna kejeli fulani hapa: chama kilichotamani pori la mfano wa Yellowstone kilijikuta kinamiliki malisho ya zamani, na ilichukua muda hadi wahusika wakakubali kwamba kumiliki malisho maana yake ni kumiliki na kondoo.

Kutangazwa kwa hifadhi hakukuilinda dhidi ya kila kitu. Baada ya Vita Kuu ya Pili, majeshi ya Uingereza yaliitumia nyika kufanyia mazoezi ya vifaru, na mkataba wa mwaka 1959 uliotiwa saini na Ujerumani Magharibi, Uingereza na Kanada ulihalalisha mazoezi hayo hata ndani ya mipaka ya hifadhi, hasa upande wa Schneverdingen. Kwa zaidi ya miaka 30 vifaru viligeuza nyika kuwa mchanga mtupu na vumbi, hadi mazoezi yalipokoma mwaka 1994. Ajabu ni kwamba eneo lililoharibiwa hivyo lilirudisha kaluna vizuri, kwa kuwa mbegu zake hudumu ardhini miongo mingi zikisubiri mchanga ulio wazi na mwanga. Simaanishi kwamba vifaru ni zana za uhifadhi. Ila jambo hilo linaonyesha ni aina gani ya mmea tunaouzungumzia.

Ni nani basi anayeamua mambo leo? Hapo ndipo msomaji aliyezoea kuona hifadhi moja yenye mamlaka moja anapoweza kupotea. Undeloh ina baraza lake na meya wake, ambaye hufanya kazi hiyo kwa kujitolea. Lakini mambo kama shule za msingi na zimamoto yamo mikononi mwa Samtgemeinde ya Hanstedt, umoja wa Gemeinde sita zikiwemo Undeloh na Egestorf. Ulinzi wa mazingira husimamiwa na mamlaka ya wilaya, kwa sheria za jimbo. Wilseder Berg na Wilsede, ambako wageni wa Undeloh huelekea, vipo katika Gemeinde nyingine, Bispingen, iliyo katika wilaya nyingine. Ardhi ya nyika yenyewe kwa sehemu kubwa ni mali ya VNP, ambayo sasa ni taasisi ya wakfu; misitu mingi ni ya jimbo; mashamba ni ya wakulima. Juu ya wote hao kuna Umoja wa Ulaya, ambao sheria zake zinataka makazi ya viumbe ya aina ya nyika kavu yasipungue wala kudhoofika. Makubaliano mojawapo ya wadau hawa yanaonekana kwa macho: wageni hawaruhusiwi kuingia Wilsede kwa gari, na barabara ya mawe inayotoka Undeloh ni ya watembea kwa miguu, baiskeli na mikokoteni ya abiria inayovutwa na farasi, ambayo imekuwa riziki ya baadhi ya familia za kijiji.

Kazi yenyewe ya kutunza nyika ni kuiga kilimo kilichokufa kwa zana mpya. Kaluna isipokatwa huzeeka. Baada ya miaka 20 au 30 shina huwa mti mkavu, katikati hufunguka, na nyasi na betula huingia. Makundi kadhaa ya Heidschnucke ya VNP hulisha wakati wote wa mwaka. Mahali ambapo kondoo hawatoshi, mashine hukata kaluna au hukwangua tabaka la juu kama jembe lile la kale, na wakati wa baridi vipande vidogo huchomwa moto kwa utaratibu uliopimwa. Katika bonde la kijito cha Radenbach, nje kidogo ya kijiji cha Undeloh, ng'ombe wekundu na farasi wadogo wa Dülmen hulishwa ili malisho yenye unyevu yasizibwe na vichaka. Upande wa Wehlen, chemchemi za mto Seeve hububujisha maji baridi yanayokwenda hadi mto Elbe, nayo yanahitaji uangalizi wa namna nyingine kabisa.

Kazi hiyo inazidi kuwa ngumu kwa sababu zisizotoka ndani ya hifadhi. Naitrojeni inayotoka katika mabanda makubwa ya mifugo na moshi wa magari husafiri hewani na kushuka na mvua, hivyo nyika iliyodumu kwa kuwa maskini inarutubishwa bila kuombwa, na nyasi zinaishinda kaluna. Ukame kama ule wa mwaka 2018 ulikausha vichaka katika maeneo mapana, na mbawakawa anayekula majani ya kaluna humaliza vilivyodhoofika. Birkhuhn, ndege mweusi wa jamii ya kuku-mwitu anayehitaji uwanda mpana wenye utulivu, amebaki kwa idadi ndogo sana. Na mbwa mwitu wa Ulaya, aliyekuwa ameangamizwa katika eneo hilo, amerudi. Mwaka 2012 alizaa karibu na Munster, mji wa nyika hiyo usio Münster ya Profesa Thomsen, kwa mara ya kwanza katika jimbo hilo tangu alipotoweka. Wapenda wanyama walishangilia, wachunga kondoo wakaanza kununua nyaya za umeme na mbwa wakubwa wa ulinzi, na ugomvi huo haujapata suluhisho kwa sababu sheria ile ile ya Ulaya inamlinda mbwa mwitu na inataka nyika idumishwe, na nyika haidumishwi bila kondoo.

Zaidi ya nusu ya hifadhi ni misitu, mingi ikiwa ile misonobari iliyopandwa baada ya wakulima kuacha nyika. Wapo wanaotaka sehemu yake ikatwe ili vipande vya kaluna viunganishwe, na wapo wanaotaka igeuzwe polepole kuwa msitu mchanganyiko wa mialoni na miti mingine mipana. Kila upande una hoja ya kisayansi, na kila mmoja unategemea swali ambalo sayansi haijibu, yaani ni mwaka upi wa historia unaopaswa kurudishwa. Kwa sasa jibu la kivitendo limekuwa kuilinda kaluna pale ilipo na kuuboresha msitu pale ulipo, mpaka ukichorwa kwa mazungumzo kipande kwa kipande. Kaluna inayokatwa kwa mashine bado ina wanunuzi, kwani mafundi wa mapaa ya nyasi huitumia kufunikia kilele cha paa. Tabaka linalokwanguliwa pamoja na udongo wake, ambalo hapo zamani wakulima waligombania, linatafutiwa matumizi kila msimu, kwa mfano katika utengenezaji wa mboji, kwa sababu likiachwa mahali pake rutuba iliyoondolewa itarudi ardhini.